Mabomba Yapimwe Kabla Hayajapasuka

Ndugu wanachama wa Ruiru na Thika,

Leo tunaandika juu ya kitu kilicho juu ya vichwa vyetu kila siku ya kazi, nasi hatukitazami. Tunaandika juu ya mabomba.

Mfanya kazi akiingia zamu ya asubuhi hapa Ruiru, awe wa kiwanda cha nguo au cha chakula, awe mpishi wa bweni au mfagiaji wa jumba la ofisi, hana budi kupita chini ya mabomba. Liko la stimu, liko la maji moto, liko la maji baridi, liko la hewa ya kompresa, na liko lile jekundu la kuzimia moto. Yote yamepakwa rangi, yanang'aa. Mgeni akija kukagua mahali pa kazi anaonyeshwa rangi hiyo, anatikisa kichwa, anatia sahihi kitabuni, anakwenda zake.

Lakini bomba haliliwi na kutu upande wa nje peke yake. Mara nyingi linaliwa ndani, mahali ambapo brashi haifiki na jicho halifiki. Nje linaonekana kijana, ndani ni mzee aliyekwisha.

Tunakumbuka jambo moja lililotokea katika kiwanda kimoja cha eneo letu. Jina lake hatulitaji. Kona ya bomba la stimu juu ya meza za pasi ilikuwa ikidondosha matone. Fundi wetu alimwambia nyapara. Nyapara akaagiza kona ifungwe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na klampu, kazi iendelee, maana oda ilikuwa ya haraka. Kona ikafungwa, ikapakwa rangi, matone yakakoma. Wiki ya tatu ikapasuka. Dada mmoja kibarua aliyesimama chini yake aliungua shingo na mkono wa kulia, mkono wa kazi. Ile kona ilipokatwa tuliishika wenyewe. Upande wa nje ulikuwa mzuri. Upande wa ndani ulikuwa umeliwa mpaka chuma kikabaki chembamba kama bati la kopo. Bwana mkubwa akatuuliza, "Nani angejua?"

Ndugu, hilo ndilo swali tunalotaka kulijibu. Njia ya kujua ilikuwako, na iko.

KIPIMO CHENYEWE

Kina mama waliokwenda kliniki wanaijua ile mashine inayopitishwa juu ya tumbo, mtoto akaonekana bila mama kukatwa. Kipimo cha mabomba ni ndugu wa mashine hiyo. Mafundi wanakiita kipimo cha altrasoniki, maana yake sauti iliyopita uwezo wa sikio. Sikio la binadamu hukoma kusikia kwenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Kipimo hiki kwa kawaida hutumia mitikisiko milioni 5 hivi.

Sauti hiyo inaingia katika chuma, inafika ukingo wa ndani wa bomba, inagonga na kurudi, kama mwangwi unavyorudi mtu akiita bondeni. Katika chuma sauti hukimbia karibu kilomita 5.9 kwa sekunde. Ikiwa ubavu wa bomba una unene wa milimita 5, sauti inakwenda na kurudi kwa muda mfupi mno: sekunde moja ikigawanywa vipande milioni, safari hiyo haimalizi vipande viwili. Kipimo kinahesabu muda huo na kuandika unene kwa milimita.

Chombo chenyewe kinashikwa kwa mkono mmoja. Fundi anasafisha mahali padogo, anapaka jeli ili hewa isikae katikati, maana sauti hii haivuki hewa vizuri, anagusisha kichwa cha kipimo, anasoma namba. Bomba halikatwi. Maji hayafungwi. Mtu mmoja anaweza kupima mahali pengi kwa siku moja.

Wala jambo hili si uchawi wa jana. Zamani wakaguzi wa reli waligonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza kama lipo lenye ufa. Mama sokoni hugonga chungu kabla ya kutoa pesa. Mwaka 1928 mwanasayansi Sokolov huko Urusi ya Kisovieti alionyesha njia ya kutafuta kasoro za chuma kwa sauti isiyosikika, na katika miaka ya 1940 vyombo vya kusikiliza mwangwi wa chuma vilikwisha kutengenezwa Uingereza na Marekani. Basi mtu asituambie kwamba sayansi hii haijafika. Imefika zamani, ila haijapanda ngazi ikafika kwenye bomba lililo juu ya kichwa cha kibarua.

KUTU INAVYOKULA

Wengi wanadhani chuma kinene hakina neno. Na tuhesabu. Bomba la inchi mbili la chuma kilichopakwa zinki, lile mafundi wanaloliita GI, la daraja la kati, lina ubavu wa milimita 3.6. Fundi akikata meno ya kuungia, meno yale yanachukua karibu milimita 1.5. Kwa hiyo pale kwenye meno zimebaki milimita 2 na kidogo tangu siku ya kwanza, kabla kutu haijaonja. Ndiyo sababu mabomba haya hupenda kuvuja kwenye maungio.

Mabomba ya stimu yana adui mwingine. Stimu ikipoa hugeuka maji, na maji hayo hurudi kwenye boila kwa bomba lake. Maji ya boila yasipotengenezwa vizuri, hewa ya kabonidayoksaidi hutoka humo pamoja na stimu, ikayeyuka katika maji yaliyopoa na kuyafanya kuwa na ukali wa tindikali. Maji hayo hupita chini ya tumbo la bomba na kuchimba mfereji, mwaka baada ya mwaka. Juu ya bomba chuma kizima, chini kimekwisha. Na pale ambapo blanketi la bomba limelowa kwa mvua ya paa bovu, kutu hula kutoka nje vilevile, imejificha chini ya blanketi.

Bomba la kuzimia moto nalo tusilisahau. Maji yake husimama miezi na miaka bila kutembea, matope yanatua chini, kutu inajenga nyumba. Halitumiki mpaka siku ya moto. Siku hiyo ndiyo mbaya ya kuvumbua kwamba limetoboka.

Na stimu haina mzaha. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida inataka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Ndiyo maana bomba la stimu likipasuka hakuna nafasi ya kukimbia.

YALIYOWAPATA WENZETU

Ili isionekane kwamba tunapiga kelele bure, tazameni Japani, nchi ya mafundi hodari. Katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Mihama, tarehe 9 Agosti 2004, bomba lilipasuka. Halikuwa bomba la sumu ya nyuklia. Lilikuwa bomba la maji moto, nyuzi 142 hivi, joto ambalo mabomba mengi ya stimu viwandani yanalijua. Wafanya kazi 5 walikufa na 6 wakaumia. Waliokufa walikuwa watu wa kampuni ya kandarasi, waliokuwa ndani wakitayarisha ukaguzi.

Bomba hilo lilipofungwa lilikuwa na unene wa milimita 10. Mahali lilipopasukia ubavu ulikuwa umebaki mwembamba mno. Mtambo wa tatu wa kituo hicho, wenye bomba hilo, ulianza kazi mwaka 1976, na kwa miaka 28 mahali pale hapakupimwa hata mara moja, kwa sababu palisahauliwa katika orodha ya mahali pa kupima. Kosa hilo la orodha lilikwisha kuonekana mwaka uliotangulia, na upimaji ukapangwa. Bomba lilipasuka zikiwa zimebaki siku chache tu.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Kipimo kilikuwako, mafundi walikuwako, fedha zilikuwako. Kilichokosekana ni mstari mmoja katika orodha.

Tena, tarehe 6 Agosti 2012, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron huko Richmond, California, bomba lililoliwa na kutu lilipasuka. Bomba hilo lilikuwa limepimwa, lakini kipande kilichopasuka hakikuwa mahali pa kupimwa. Wafanya kazi 19 walizingirwa na wingu la mvuke wa mafuta, wakaponea chupuchupu. Watu wapatao 15,000 wa mitaa ya karibu walikwenda kutafuta matibabu.

Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2015, watu wa Thange katika Makueni walikuta mafuta katika ardhi na maji yao, yaliyovuja kutoka bomba kuu la Mombasa hadi Nairobi lililoanza kazi mwaka 1978. Bomba kuukuu halitoi taarifa ya kustaafu. Ni lazima watu wende kuliuliza.

TUSIDANGANYWE NA NAMBA

Kwa hiyo hatusemi tu, "Leteni kipimo." Kipimo kibaya ni kibaya kuliko kutopima, maana kinampa mtu usingizi. Twataka kila mwanachama ajue mambo haya, ili karatasi ikibandikwa ukutani aweze kuiuliza.

Kwanza, rangi hudanganya. Sauti hukimbia polepole katika rangi, kwa hiyo kipimo cha kawaida huihesabu rangi kama chuma, tena kwa zaidi ya unene wake. Tabaka nene la rangi laweza kuongeza namba. Rangi ikwanguliwe, au kitumike kipimo kinachojua kuitoa rangi katika hesabu.

Pili, joto hudanganya. Chuma chenye moto huchelewesha sauti, na namba hupanda. Kichwa cha kawaida cha kipimo hakiwekwi juu ya bomba la stimu inayopita. Bomba lipoe, au kiletwe kichwa cha kazi hiyo.

Tatu, wembamba wenyewe hudanganya. Chuma kikiwa chembamba mno, karibu milimita moja, vipimo vingine husoma mwangwi wa pili badala ya wa kwanza, vikaandika mara mbili ya ukweli. Milimita 1 ikawa 2, na bomba la kutupwa likapita mtihani.

Nne, kutu haili sawasawa. Huchimba vishimo. Kichwa cha kipimo huona mahali padogo tu, na kishimo kilicho kando yake hakionekani. Kwa hiyo bomba lipimwe kuzunguka, juu, chini na pande zote mbili, na mahali pa hatari papimwe zaidi: kwenye kona, kwenye tii, baada ya valvu, kwenye tumbo la bomba la maji yanayorudi, kwenye ncha ambazo maji husimama. Palipo na wasiwasi kipande kikatwe na kutazamwa kwa macho.

Tano, kabla ya kuanza, kipimo kijaribiwe juu ya kipande cha chuma ambacho unene wake unajulikana. Mwenye duka mwaminifu haoni haya kuonyesha jiwe la mizani.

NAMBA MOJA HAITOSHI

Namba ya leo peke yake ni nusu ya habari. Tuchukue mfano. Bomba lilikuwa na milimita 3.6. Baada ya miaka 12 limebaki na 2.4. Limepoteza 1.2, yaani 0.1 kila mwaka. Injinia akisema lisishuke chini ya 1.6, basi limebaki na 0.8, na kwa mwendo huo ni miaka 8. Desturi ya wakaguzi wa mabomba ni kutoingoja miaka hiyo yote. Hurudi kupima kabla nusu yake haijapita, yaani katika miaka 4, maana kutu haikutia sahihi mapatano na mtu.

Hesabu hii yataka kitabu. Yataka mahali palipopimwa pawekwe alama, ili mwakani papimwe palepale. Bila kitabu tutakuwa tunapima kila mwaka na kusahau kila mwaka.

TUNAYOYATAKA

Boila ina siku yake. Mkaguzi aliyeidhinishwa anakuja, anaandika cheti, cheti kinatiwa katika faili. Lakini bomba linalotoka kwenye boila hiyo na kupita juu ya watu katika nyumba nzima, mara nyingi halina siku wala cheti. Stimu ni ileile. Haibadiliki tabia ikitoka mlangoni mwa nyumba ya boila.

Kwa hiyo tunawaambia waajiri wa Ruiru na Thika mambo manne.

1. Mabomba yote ya stimu, maji moto, hewa na ya kuzimia moto yachorwe katika ramani, na ipatikane orodha ya mahali pa kupima. Wale mafundi wanaoyajua mabomba hayo waketi mezani orodha inapotengenezwa. Injinia ana shahada, lakini fundi anajua ni kona gani iliyofungwa kwa tyubu mwaka juzi.

2. Yapimwe na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo. Ujuzi upo nchini. Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, hufundisha upimaji wa chuma bila kukiharibu, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limesaidia nchi za Afrika, Kenya ikiwamo, kupata mafundi wa kazi hiyo. Tunataka vijana wetu wapelekwe kujifunza, wasiwe wa kushika ngazi tu.

3. Namba zisomwe mbele ya kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati hiyo mahali penye watu 20 au zaidi, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Sheria hiyohiyo inataka mahali pa kazi pakaguliwe kiusalama kila miezi 12. Namba za mabomba ziwe sehemu ya ukaguzi huo.

4. Bomba lililoonekana limekwisha libadilishwe, lisifungwe tyubu. Na stimu isirudishwe mpaka limebadilishwa.

Tunajua jibu litakalokuja: fedha hakuna. Sisi twauliza, fedha za rangi zinatoka wapi kila mwaka? Watasema kazi itasimama. Twajibu kwamba bomba la maji baridi laweza kupimwa maji yakipita, na la stimu laweza kupimwa siku boila inapozimwa kwa ukaguzi wake. Kinachosimamisha kazi ni bomba kupasuka.

NA SISI WENYEWE

Haifai kuwalaumu wakubwa peke yao. Baadhi ya mafundi wetu wana hofu kwamba kipimo kitawaondolea kazi. Ndugu mafundi, kipimo hakifungui valvu wala hakikati bomba. Kitawapa kazi zaidi, maana kitaonyesha mengi ya kubadilisha. Wengine wetu hufunga mahali panapovuja kimyakimya ili kumpendeza nyapara, wasiandike popote. Huko si kumsaidia mtu. Ni kumwekea mwenzako mtego.

Wako pia wanaokanyaga mabomba kama ngazi na wanaoanika nguo juu yake. Wengine wanagonga bomba la stimu kwa nyundo ili kujua kama ni zima. Acheni. Bomba lililokwisha halihitaji zaidi ya nyundo moja. Na blanketi kuukuu la bomba msilirarue kwa mikono, kwa maana la zamani laweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole.

Ukiona tone, andika. Taja tarehe, mahali na jina la uliyemwambia. Sheria ile ya 2007 inamtaka mfanya kazi aripoti hatari kwa msimamizi wake, wala mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu alilalamika juu ya usalama. Barua moja fupi kwa mjumbe wako wa kamati ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima kwenye foleni ya chai.

Ruiru imekua. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliandika watu 490,120 katika mji huu. Majumba yanapanda ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa ina mabomba yake, mengine mapya, mengine yamekaa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wanaofanya kazi chini yake ni sisi, na wanaolala chini yake ni watoto wetu.

Yule dada aliyeungua alitaka kujua jambo moja tu tulipomtembelea: kama kona nyingine zimetazamwa. Tulinyamaza, kwa maana hazikutazamwa. Hatutaki kunyamaza tena mbele ya mtu mwingine. Katika mkutano ujao wa tawi kila mjumbe wa kamati ya usalama aje na jibu la swali lile: kwake mabomba yamepimwa lini, na namba ziko wapi?

Umoja ni nguvu.